Manowari Goliath: ilishindwa na kina cha Rufiji, ikapiga Dar es Salaam, ikafia Dardanelles (uzi mrefu)

Chelezo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Kigamboni. Navuka kivuko karibu kila siku, na tukifika katikati ya ule mlango mwembamba wa bandari macho yangu huenda upande wa Magogoni, ilipo Ikulu. Mwezi Novemba 1914 mahali pale palikuwa na jumba la gavana wa Kijerumani, na lilipigwa mizinga kutoka baharini. Meli iliyolipiga iliitwa Goliath.

Tukizungumza vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hapa jukwaani tunaitaja manowari ya Kijerumani Königsberg na delta ya Rufiji, basi, tumemaliza. Goliath ilikuwa nzito karibu mara nne ya Königsberg. Ililinda midomo ya Rufiji, ikaja Dar es Salaam, na haikupita miezi sita ikawa chini ya maji Uturuki pamoja na watu 570. Nimeisoma habari yake kwa miaka na ninaona tumeionea kwa kuisahau. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Tuanze na ilivyojengwa, maana yote yaliyoipata baadaye yametokana na hapo. Ilijengwa katika karakana ya jeshi la majini ya Chatham, Uingereza. Kazi ilianza Januari 1897, ikashushwa majini Machi 1898, na Machi 1900 ikawa tayari kwa kazi. Zilikuwa sita za aina moja: Canopus, Glory, Albion, Ocean, Goliath na Vengeance. Mchoraji alikuwa William White. Waingereza walikuwa wakiitazama Japani ikijenga jeshi la majini lenye nguvu, wakataka manowari za kukaa Mashariki ya Mbali, na ili zifike huko haraka lazima zipite mfereji wa Suez bila kugusa chini. Kwa hiyo White alipunguza uzito. Alipunguza wapi? Kwenye ngozi. Manowari za Majestic zilizotangulia zilikuwa na chuma cha inchi 9 ubavuni. Hizi zikapewa inchi 6. Chuma chenyewe kilikuwa bora zaidi, cha Krupp, lakini wembamba ni wembamba.

Uzito wake ulizidi tani 13,000, urefu kama mita 128. Mizinga mikubwa minne ya inchi 12, miwili mbele na miwili nyuma, kila kombora likiwa na kilo 385 hivi. Ubavuni mizinga 12 ya inchi 6. Boila zake 20 zilikuwa za Belleville, ambazo maji hupita ndani ya mabomba na moto huwa nje. Zile za zamani zilifanya kinyume chake. Hizi sita ndizo manowari kubwa za kwanza za Uingereza kuwekewa boila za namna hiyo. Mwendo noti 18, kasi nzuri kwa mwaka 1900.

Shakwe

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Swali la haraka: kama ilijengwa kwa ajili ya China, ilifika huko kweli au ilibaki kwenye makaratasi?

Chelezo

Ilifika, mkuu. Ilipomalizika tu ilipelekwa kituo cha China, wakati wa vurugu za Boxer (uasi wa Wachina dhidi ya wageni), ikakaa mpaka 1903. Ikarudi, ikafanyiwa matengenezo, ikazunguka Mlango wa Uingereza na Mediterania. Miaka hiyo haina mengi ya kusimulia.

Kilichoizeesha ni mwaka 1906, ilipotoka manowari Dreadnought yenye mizinga mikubwa 10 na injini za tabo (magurudumu yanayozungushwa na mvuke). Siku ile kila manowari ya zamani ilishuka cheo duniani kote. Goliath ilikuwa na miaka sita tu kazini, na tayari ni ya jana. Kufika 1913 ilikuwa imewekwa kando Pembroke, Wales, ikisubiri ama vita ama wanunuzi wa chuma chakavu.

Agosti 1914 ikaja vita. Wakairudisha kazini na mabaharia wengi wa akiba, watu waliokwisha kurudi uraiani. Mwisho wa mwezi ule ule ililinda kuteremshwa kwa kikosi cha wanamaji wa Plymouth huko Ostend, Ubelgiji. Kikumbukeni kikosi hicho, tutakutana nacho tena. Septemba ikatumwa Bahari ya Hindi kusindikiza misafara ya askari kutoka India.

Mrufiji Halisi

Hapo sasa unaingia nyumbani kwetu. Wazee wetu walikuwa wakisema Mzungu mmoja kaficha meli kwenye mikoko, Mzungu mwingine anaisubiri baharini. Hiyo ya baharini ndiyo Goliath?

Chelezo

Ni mojawapo, kaka. Zilikuwa kadhaa. Königsberg iliizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, halafu ikapotea. Ilijificha Rufiji, maeneo ya Salale, mashine zikiwa mbovu. Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham ikaigundua. Hapo Waingereza wakaanza kuziba mlango: Novemba 10 wakaizamisha meli ya makaa Newbridge katika mkondo wa Suninga ili Königsberg isitoke. Tarehe 22 Novemba rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, akaruka na ndege yake ya majini kutoka kisiwa cha Nyororo na kuiona meli ndani ya mikoko.

Goliath ilikuwa na mizinga ambayo kombora moja tu lingeweza kuimaliza Königsberg. Lakini tumbo lake lilishuka majini karibu mita 8. Wewe wa huko unajua midomo ya Rufiji ilivyo: mchanga unahama, maji yanajaa na kupwa, mkondo uliopita leo kesho ni fungu. Basi jitu lile likakaa nje, mbali kuliko mizinga yake ilivyoweza kufika. Meli iliyopunguzwa ngozi ili ipite Suez ilikuwa bado nzito mno kwa mto wetu.

Mrufiji Halisi

Kweli kabisa. Hata leo nahodha wa jahazi asiyejulia mikondo haingii Simba Uranga bila mwenyeji. Lakini mkuu, uzi huu usije ukawa wa Wazungu watupu. Watu wetu walikuwa wapi?

Chelezo

Umeuliza la maana. Boila za Königsberg zilipoharibika, vipande vilivutwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa Rufiji. Waliovuta ni wapagazi, watu wetu, maelfu, porini na kwenye matope. Baadaye meli ilipokufa, mizinga yake nayo ikavutwa kwa njia hiyohiyo. Vitabu vinataja majina ya maofisa na vipenyo vya mizinga. Ya wavutaji hayamo. Kila nikisoma sehemu hiyo roho huniuma.

Sasa, kwa nini Goliath ikaja Dar? Ndani ya bandari yetu kulikuwa na meli za Kijerumani: König, Feldmarschall, na Tabora iliyokuwa imegeuzwa hospitali. Waingereza waliogopa zitatoka usiku kupeleka makaa na vyakula Rufiji. Wakaamua kwenda kuzilemaza.

Kisa hiki kinahitaji uangalifu. Agosti 8, manowari Astraea ilikuwa imepiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Baada ya hapo maofisa wa pande mbili waliafikiana mji usipigwe, na Wajerumani wenyewe walizamisha chelezo chao cha kuelea (gati la kutengenezea meli) mlangoni mwa bandari. London ikayakataa makubaliano hayo. Gavana Heinrich Schnee alitaka mji usalimike. Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi, hakupenda kabisa biashara ya kutopigana.

Novemba 28 Goliath na manowari nyingine ya Kiingereza, Fox, zikasimama nje. Mji ukapandisha bendera nyeupe. Vyombo vidogo vikaingia, kimojawapo ni tagi Helmuth, ambayo ilikuwa ya Wajerumani na ikatekwa. Kiongozi ndani ya Helmuth alikuwa Kamanda Henry Peel Ritchie wa Goliath. Watu wake wakapanda kwenye meli, wakaharibu mashine. Ritchie alipoona ukimya umezidi akawa na wasiwasi. Akafunga tishari mbili za chuma ubavuni mwa Helmuth, moja kila upande, ziwe ngao. Walipokuwa wanatoka, risasi zikaanza kumiminika kutoka kingo zote mbili.

Nyote mnaoijua bandari ile mnaelewa maana ya kingo zote mbili. Ni upana wa kivuko tu. Ritchie alijeruhiwa mara nane, akashika usukani mpaka jeraha la nane lilipomwangusha, na chombo kikatoka. Wenzake wengine waliachwa nyuma, wakatekwa. Alilazwa Unguja wiki kadhaa, akapona, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kwa tarehe ya tendo lenyewe, ndiyo ya kwanza kwa jeshi la majini la Uingereza katika vita ile. Ilipatikana hapa, kati ya Kigamboni na Magogoni.

Goliath na Fox zikajibu kwa mizinga siku ileile, na Novemba 30 zikarudi kupiga tena. Jumba la gavana likabomolewa. Ikulu tunayoiona leo ilijengwa na Waingereza juu ya masalia yake miaka ya ishirini.

Wakili wa Pwani

Naomba kutofautiana kidogo. Umeandika kana kwamba Wajerumani walivunja heshima ya bendera nyeupe. Walichodai wao ni kwamba waliruhusu meli zikaguliwe, hawakuruhusu mashine zivunjwe. Aliyeingia kwa ruhusa ya kukagua akaanza kuvunja, nani kavunja makubaliano kwanza?

Chelezo

Hoja yako ni nzito, Wakili, na ninaikubali kwa sehemu. Waingereza walikwisha kuyakataa makubaliano ya Agosti, kwa hiyo upande wao haukujiona umefungwa na lolote. Wajerumani waliona ukaguzi umegeuzwa shambulio. Lakini bendera ilikuwa bado inapepea risasi ya kwanza ilipolia, na mabaharia waliokuwa kwenye vyombo wazi hawakuwa ndio waliokaa mezani kuandika masharti. Ninachosema kwa uhakika ni kwamba gharama ilibebwa na mji. Wakazi wa Dar hawakuulizwa juu ya bendera wala juu ya mizinga, na kombora la kilo 385 halichagui mtaa.

Wakili wa Pwani

Hapo tuko pamoja. Endelea.

Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Nyongeza ndogo kwa wanaopenda kuona kwa macho: ukienda Fort Jesus utakuta mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, maadui wawili uwanja mmoja. Nilipelekwa pale nikiwa mwanafunzi wa darasa la sita na mwalimu wetu wa historia, Mungu amrehemu, alitusimamisha juani nusu saa akieleza. Ya Goliath hakuitaja hata mara moja. Asante kwa uzi, kaka.

Chelezo

Shukrani, Kilindini. Na walioko Unguja wakipata boti waende Chapwani, makaburi ya mabaharia wa Pegasus yako kule.

Tuendelee. Baada ya Dar, Goliath ikaenda Simonstown, Afrika Kusini, kutengenezwa. Februari 1915 ikarudi nje ya Rufiji ikiwa na bendera ya Admirali Herbert King-Hall, yaani ndiyo meli ya mkuu wa kikosi. Königsberg bado imo ndani, Goliath bado iko nje. Mwishowe kazi ile ilifanywa na vyombo ambavyo baharia wa manowari kubwa asingevitazama mara mbili: Severn na Mersey, vifupi, vipana, vyenye kina kidogo. Viliingia Julai 6, vikarudi Julai 11, vikaimaliza Königsberg.

Siku hiyo Goliath ilikuwa imekwisha kufa miezi miwili.

Ilikuwa hivi. Machi 18, 1915, Waingereza na Wafaransa walijaribu kupenya mlango wa Dardanelles kwa manowari peke yake. Mabomu yaliyotegwa majini yakawapotezea manowari tatu siku moja: Bouvet, Irresistible na Ocean. Ocean ni yule dada wa Goliath. Wiki moja baadaye, Machi 25, Goliath ikapokea amri ya kuiacha Rufiji na kwenda huko. King-Hall akahamishia bendera yake manowari Hyacinth.

Aprili 25 ilikuwa Gallipoli, rasi ya Uturuki kando ya Dardanelles, nje ya ufukwe walioupa herufi Y, ikilinda wanajeshi walioteremka. Miongoni mwao kilikuwamo kile kikosi cha wanamaji wa Plymouth, cha Ostend. Walishuka bila kupigwa, wakapanda juu ya majabali, wakasubiri amri ambazo hazikuja. Usiku Waturuki wakawashambulia vikali, na kesho yake wakaondolewa. Goliath yenyewe iliguswa na makombora siku ile, na tena Mei 2.

Kisha ikapewa kazi ya kukaa ghuba ya Morto, ndani kidogo ya mlango wa bahari, ikipiga mahandaki ya Waturuki mbele ya Wafaransa. Kila siku mahali palepale, na usiku nanga chini. Mimi hapa ndipo ninapowalaumu waliotoa amri. Manowari ni chombo cha kutembea. Ukiifunga nanga karibu na adui, usiku baada ya usiku, umeigeuza ngome, tena ngome yenye ukuta wa inchi 6 na tumbo lililo wazi chini ya maji.

Shakwe

Nyambizi ya Kijerumani?

Chelezo

Hapana, mkuu, wengi hudhani hivyo. Nyambizi U-21 ilikuja baadaye, ikaizamisha Triumph Mei 25 na Majestic Mei 27. Goliath iliuawa na chombo cha juu ya maji: destroya (manowari ndogo yenye kasi) ya Kituruki, Muavenet-i Milliye, isiyofika hata tani 800. Ilijengwa Elbing, Ujerumani, na jina lake maana yake ni msaada wa taifa, kwa sababu ilinunuliwa mwaka 1910 kwa michango ya wananchi. Nahodha alikuwa Ahmet Saffet, na alikuwa na mtaalamu wa topido (bomu linalosafiri ndani ya maji) wa Kijerumani, Rudolf Firle.

Usiku wa Mei 12 kuamkia 13 kulikuwa na ukungu. Muavenet ilijibanza Soğanlıdere, ndani zaidi ya mlango wa bahari, ikisubiri kurunzi za Waingereza zizimwe. Zilipozimwa ikatoka polepole, ikibana ufuo wa upande wa Ulaya, chini ya majabali. Destroya tano za Kiingereza zilikuwa doria. Beagle na Bulldog ndizo zilizopitwa karibu kabisa, hazikuona kitu.

Kwenye saa saba na robo usiku mlinzi wa Goliath akaona umbo gizani, akapiga ishara ya taa: wewe ni meli gani? Muavenet, badala ya kukimbia, ikairudisha ishara ileile. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Sekunde zile za kubabaika zilitosha. Topido tatu zikatoka. Moja ilipiga usawa wa mizinga ya mbele, moja usawa wa dohani la mbele, ya tatu kuelekea nyuma. Meli ikalala ubavu, ikapinduka. Wengi walikuwa wamelala vyumbani chini. Walioweza kuruka wakakutana na mkondo wa Dardanelles, ambao hausimami usiku wala mchana. Uliwabeba gizani wakiita, na boti za kuokoa zikawa zinafuata sauti. Katika watu kama 750 walikufa 570, na Kapteni Thomas Shelford ni mmoja wao. Muavenet ikarudi salama.

Siku hizohizo Queen Elizabeth, manowari mpya kuliko zote kule, ikarudishwa Uingereza. Mei 15 Admirali Fisher, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, akajiuzulu, na kabla mwezi haujaisha serikali ya mseto ikaundwa London, Churchill akaipoteza wizara ya majini. Siwezi kusema Goliath peke yake ndiyo iliyoyaleta hayo, yalikuwa yanachemka tangu mapema. Lakini msiba ule ulikuwa mezani walipokuwa wanagombana.

Binti Bosphorus

Kaka Chelezo, nimesoma mpaka nimetokwa na machozi. Mimi nasoma chuo Uturuki, mwaka jana tulipelekwa Çanakkale. Mnara mkubwa wa mashahidi wao uko kilimani palepale juu ya ghuba ya Morto, ukisimama pale ghuba yote iko chini yako. Makaburi ya Wafaransa nayo yako upande wa Seddülbahir. Maji yametulia kabisa, ya buluu. Kiongozi wetu alitusimulia habari za Muavenet kwa fahari sana, nami nilisikiliza kama hadithi ya watu wengine. Sikujua kwamba meli iliyolala pale ilikwishapiga mji niliozaliwa.

Chelezo

Mdogo wangu, ungejuaje? Hata sisi tunaovuka hapa kila siku hatujui. Ukirudi tena kule, tazama upande wa ndani ya ghuba kuelekea mashariki. Muavenet ilitokea huko ikiubana ufuo. Na ukikutana na yule kiongozi wenu, mwambie kuna watu Dar es Salaam wangependa kusikia anavyosimulia yeye.

Mrufiji Halisi

Na mimi nitakwenda kwa babu yangu mdogo, yuko Salale, anazidi miaka 90. Baba yake alikuwa kijana wakati ule. Nitamuuliza ya meli iliyokaa nje na ya waliovuta boila. Nikirudi naandika hapahapa.

Chelezo

Tunakusubiri, kaka. Muulize pia walikuwa wanaziitaje hizo meli mbili kwa lugha yao.